Stata Inayosaga: Kuutambua Ubovu Kabla ya Kununua Kipuri

Utangulizi

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa Uwanda wa Juu wa Makonde, mahali ambapo ardhi hukatika ghafla na kuteremka kuelekea bonde la Mto Ruvuma. Masasi iko chini, upande wa magharibi, kati ya vilima vya mawe vinavyosimama peke yake juu ya tambarare. Baina ya miji hiyo miwili hupita malori ya korosho katika msimu unaoanza mnamo mwezi wa Oktoba, magari ya abiria, na magari yanayowapeleka wagonjwa katika Hospitali ya Mkomaindo iliyoko Masasi au ile ya Ndanda iliyoko katika barabara ya kwenda Lindi. Gari likikataa kuwaka alfajiri katika njia hiyo, wanaoathirika ni wengi kuliko mwenye gari.

Miongoni mwa dalili zinazojulikana sana ni kusaga kwa stata. Dereva hugeuza ufunguo, husikika mkwaruzo mkali wa chuma juu ya chuma, na injini haizunguki. Mara nyingi hukumu hutolewa papo hapo kwamba stata imekufa na inunuliwe nyingine. Kipuri hutafutwa Mtwara, karibu kilomita 200 kutoka Masasi, au Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kipuri kilichotoka Dar es Salaam kwa njia ya barabara kilivushwa Mto Rufiji kwa kivuko, na wakati wa masika safari hiyo ilikuwa ya mashaka. Leo kipuri hufika upesi zaidi, lakini kipuri kisichohusika na ubovu ni hasara ileile, hata kikifika kwa siku moja.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mkwaruzo huo ni ugonjwa wa meno mawili yanayokutana vibaya, na kwamba chanzo chake chaweza kuwa katika betri, solenoidi, bendeksi, bolti za kufungia au flaiwili. Stata mpya ikifungwa mbele ya flaiwili iliyolika itasaga kama ile ya zamani, na meno yake mapya yatalika pia. Fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari yatosha kumwezesha mtu kuutafuta ubovu kwa utaratibu.

Kazi ya stata

Injini ya petroli au ya dizeli haiwezi kujianzisha yenyewe. Ni lazima kwanza izungushwe na nguvu ya nje mpaka ivute hewa, iigandamize na kuwasha mafuta. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa hendeli, yaani chuma kilichopindwa ambacho dereva alikizungusha kwa mkono mbele ya gari. Mhandisi Charles Kettering wa Marekani alibuni stata ya umeme iliyofungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na kuanzia hapo hendeli ikaanza kuachwa. Hata hivyo, Land Rover nyingi za miaka ya 1960 na 1970 bado zilikuwa na tundu la hendeli.

Stata ni mota ya umeme yenye pinioni, yaani gia ndogo, kwenye ncha ya shafti yake. Flaiwili ni gurudumu zito lililofungwa nyuma ya shafti ya krenki, na ukingoni mwake limevishwa pete ya chuma yenye meno. Tuseme pete ina meno 120 na pinioni ina meno 10. Uwiano wake ni:

120 ÷ 10 = 12

Maana yake ni kwamba pinioni ikizunguka mara 12, flaiwili huzunguka mara moja tu, na kani ya kuzungusha huongezeka mara 12, ukiacha kiasi kinachopotea kwa msuguano. Ikiwa injini inahitaji mizunguko 200 kwa dakika ili iwake, pinioni yapaswa kuzunguka mara 2,400 kwa dakika. Hivyo mota ndogo inayoweza kubebwa kwa mkono mmoja huzungusha injini nzito.

Lakini uwiano huo una hatari yake. Injini ikiwaka na kufikia mizunguko 1,000 kwa dakika huku pinioni ingali imeshikana na flaiwili, sasa flaiwili ndiyo inayoizungusha pinioni, na pinioni hufikia mizunguko 12,000 kwa dakika. Mota ikizungushwa kwa kasi hiyo, nyaya zake zaweza kuchomoka na kutawanyika. Kwa sababu hiyo pinioni hufungwa pamoja na klachi ya njia moja, ambayo hupitisha nguvu kutoka mota kwenda flaiwili na kukataa kuirudisha. Pinioni na klachi yake ndiyo mafundi huiita bendeksi. Jina hilo limetokana na Vincent Bendix, Mmarekani aliyebuni njia ya kuiingiza na kuitoa pinioni katika miaka ya 1910.

Jinsi meno yanavyokutana

Katika stata nyingi za leo, pinioni husukumwa mbele kabla mota haijaanza kuzunguka kwa nguvu. Kazi hiyo hufanywa na solenoidi, ambayo ni sumaku ya umeme iliyopanda juu ya mota. Ufunguo unapogeuzwa, mkondo hupita katika koili mbili za solenoidi. Moja ni ya kuvuta na nyingine ni ya kushikilia. Chuma cha katikati huvutwa, nacho huvuta wenzo mfano wa uma, na wenzo huisukuma pinioni mpaka meno yake yaingie katikati ya meno ya flaiwili. Mwisho wa safari hiyo chuma huunganisha nati mbili nene za shaba, na hapo ndipo mkondo mkubwa wa betri huingia katika mota. Koili ya kuvuta huacha kufanya kazi, na ile ya kushikilia hubaki peke yake.

Mpangilio huo una hekima kubwa: meno yaingiane kwanza, nguvu ije baadaye. Kusaga hutokea kila utaratibu huo unapovunjika, yaani nguvu inapokuja wakati meno hayajaingiana vya kutosha, au meno yanapokuwa yamelika kiasi cha kutoweza kushikana.

Magari ya zamani, zikiwamo Land Rover za petroli za miaka hiyo ya 1960 na 1970, yalitumia aina nyingine. Humo pinioni ilipanda juu ya parafujo nene. Mota ilipoanza kuzunguka kwa ghafla, pinioni kwa uzito wake ilichelewa, ikajikuta ikitembea juu ya parafujo mpaka kwenye flaiwili. Aina hiyo hugonga meno kwa nguvu zaidi, na parafujo ikishika uchafu pinioni hukwama njiani.

Sauti na maana zake

Fundi mwenye uzoefu husikiliza kwanza. Sauti nne zafaa kutofautishwa.

(a) Tata-tata-tata ya haraka, injini haizunguki. Hii si kusaga hasa. Solenoidi huunganisha, mota huvuta mkondo mkubwa, volti za betri dhaifu huanguka, koili ya kushikilia hushindwa, springi huirudisha pinioni nyuma, volti hupanda tena, na mchezo huanza upya. Kanuni yake ni ileile ya kengele ya umeme ya maabara. Chanzo ni betri au viungo vya nyaya. Hali hiyo ikiachwa siku nyingi, pinioni huendelea kugonga kingo za meno na kuleta kusaga kwa kweli.

(b) Mvumo mwepesi wa mota inayozunguka bila mzigo. Mota ni nzima, lakini klachi ya njia moja inateleza au pinioni haifiki kwenye flaiwili.

(c) Mkwaruzo mkali wa chuma. Meno yanakutana juu juu. Chanzo chaweza kuwa meno yaliyolika, bolti zilizolegea, bushi iliyolika inayoiacha shafti ining'inie, wenzo uliovunjika, au stata isiyo ya gari hilo.

(d) Mlio mkali baada ya injini kuwaka. Pinioni imechelewa kutoka. Huenda springi ya swichi ya ufunguo imechoka, nati za solenoidi zimegandana, au klachi ya njia moja imekwama. Gari lizimwe mara moja.

Upimaji kwa hatua

Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia ile isiyogharimu kitu mpaka ile inayodai kufungua gari.

Hatua ya kwanza ni taa. Taa kubwa ziwashwe, kisha stata ipigwe. Taa zikififia sana, nguvu haitoshi. Zikibaki na mwanga mkali huku mota ikivuma au ikisaga, betri haina lawama kubwa.

Hatua ya pili ni mita ya volti. Betri nzima iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha karibu volti 12.6. Stata inapozungusha injini, isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Kisha mita iwekwe kati ya kichwa chanya cha betri na nati kubwa ya stata wakati stata inapigwa. Tofauti ikizidi volti 0.5, waya au kiungo kina kasoro. Waya wa arthi nao upimwe kwa njia hiyohiyo.

Kwa nini kutu kidogo ilete madhara makubwa? Kanuni ya Ohm yatoa jibu. Stata ya gari dogo huweza kuvuta ampea 200. Kiungo safi chenye ukinzani wa omu 0.001 hupoteza volti 0.2 tu. Kiungo chenye unga mweupe na ukinzani wa omu 0.01 hupoteza:

200 × 0.01 = volti 2

Ukinzani huo mdogo, ambao taa ya ndani ya gari haiwezi kuuhisi, huinyang'anya stata sehemu ya sita ya nguvu ya betri.

Hatua ya tatu ni bolti. Stata hushikwa na bolti mbili au tatu. Katika njia zenye matuta na mashimo, bolti hulegea, stata hupinda kidogo, na meno hayakutani sambamba. Mara nyingine spana peke yake humaliza tatizo.

Hatua ya nne ni kuisogeza injini, nayo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Maelezo yake yanafuata.

Madoa mawili ya flaiwili

Injini ya silinda 4 inapozimwa, haisimami popote tu. Mzunguko wake wa mwisho hushindwa kuipita silinda inayogandamiza hewa, na injini husimama hapo. Kwa kuwa mgandamizo hutokea kila nusu mzunguko, injini hupenda kusimama mahali pawili, kila pamoja pakielekeana na pengine kwa nyuzi 180. Kwa hiyo kila asubuhi pinioni huingia katika meno yaleyale. Baada ya miaka, flaiwili huwa na madoa mawili yaliyolika, huku meno mengine yakiwa karibu mapya. Katika injini ya silinda 6 mgandamizo hutokea kila nyuzi 120, na madoa huwa matatu.

Basi stata inaposaga, jaribio ni hili. Gari liwe mahali tambarare na ufunguo uzimwe. Gia ya juu yenye uwiano wa moja kwa moja iingizwe, breki ya mkono iachiliwe, na gari lisukumwe kidogo tu. Kidogo kiasi gani? Tuseme tairi lina mzingo wa mita 2, na uwiano wa gia za ekseli ni 4. Gari likienda mita 2 injini huzunguka mara 4. Robo ya mzunguko wa injini, ambayo ndiyo inayolihamisha doa, yahitaji:

2 ÷ 16 = mita 0.125

Yaani sentimita 12 au 13. Kisha gari lirudishwe katika gia huru, lizuiwe kwa breki na stata ipigwe tena. Ikishika vizuri baada ya kusogezwa, na ikarudia kusaga siku nyingine, ushahidi unaelekea kwenye flaiwili. Ikisaga kila mahali, ushahidi unaelekea kwenye stata yenyewe au jinsi ilivyofungwa. Inafaa jaribio lirudiwe mara kadhaa na matokeo yaandikwe, kwa maana jaribio moja huweza kudanganya. Gari lisilo na klachi ya mguu halisukumwi hivyo. Injini yake huzungushwa kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, waya hasi wa betri ukiwa umetolewa.

Hatua ya tano ni kuishusha stata. Waya hasi wa betri utolewe kwanza, kwa maana waya mnene wa stata ukigusa bodi huweza kuunguza. Pinioni ijaribiwe kwa vidole: upande mmoja izunguke kwa wepesi, upande wa pili ikatae. Ncha za meno zitazamwe kama zimevimba au kumeguka. Shafti itikiswe, na ikicheza sana bushi imelika. Kisha kupitia tundu la stata meno ya flaiwili yatazamwe kwa kurunzi, huku msaidizi akiizungusha injini polepole kwa spana. Jino la kwanza litiwe alama ya chaki, na duara lote lihesabiwe.

Kuchagua kipuri

Ubovu ukishajulikana, kinunuliwe kile kilichoharibika. Brashi za kaboni, bushi, solenoidi na bendeksi huweza kubadilishwa kila kimoja peke yake. Bushi ya shaba huweza hata kukerezwa katika karakana yenye mashine. Ikilazimu kununua stata nzima, yakaguliwe haya:

1. Namba iliyochongwa au kubandikwa kwenye kasha la stata ya zamani. Namba hiyo ina thamani kuliko jina la gari, kwa kuwa gari la jina moja huweza kutoka kiwandani na stata za aina mbalimbali.

2. Idadi ya meno ya pinioni pamoja na kipenyo chake. Pinioni ya meno 9 yenye kipenyo sawa na ile ya meno 10 ina meno mapana zaidi, nayo itakula flaiwili.

3. Volti. Baadhi ya magari ya dizeli yaliyoletwa kutoka Japani yakiwa yametumika yana stata ya volti 24. Stata ya volti 12 ikifungwa humo huzunguka kwa kasi kupita kiasi, hugonga meno na kuungua.

4. Upande inaozungukia, idadi ya matundu ya bolti na umbali kati yake.

5. Umbali kutoka uso wa kufungia mpaka pinioni ikiwa imepumzika, na ikiwa imesukumwa nje. Tofauti ya milimita chache huamua kama meno yataingiana kikamilifu.

6. Nguvu kwa kilowati. Nguvu kubwa zaidi haiponyi meno yaliyolika, bali huyamaliza upesi.

Kwa stata ya mtumba, jaribio la mezani halitoshi. Stata isiyo na mzigo huzunguka kwa mvumo mzuri hata kama klachi yake inateleza. Mnunuzi atazame meno, aitikise shafti, aijaribu klachi kwa vidole, na apatane na muuzaji kuirudisha ikishindwa ndani ya gari.

Flaiwili ikiwa ndiyo mgonjwa, giaboksi hushushwa. Katika magari mengi ya gia za mkono, pete ya meno huweza kutolewa na nyingine kuvishwa. Pete hupashwa moto ili itanuke. Pete ya chuma yenye kipenyo cha milimita 300, ikipashwa nyuzi 200 zaidi ya joto la kawaida, hutanuka:

300 × 0.000012 × 200 = milimita 0.72

Nafasi hiyo yatosha kuivisha, nayo ikipoa huibana flaiwili kwa nguvu. Moto usizidi. Chuma kilichong'arishwa hugeuka rangi ya manjano ya majani makavu karibu na nyuzi 220, na buluu karibu na nyuzi 300. Kikifika buluu, ugumu wa meno umeanza kupotea.

Pete mpya isipopatikana, fundi aweza kuigeuza ile ya zamani kwa robo ya duara, ili madoa yahame mahali injini inaposimama. Kwa pete ya meno 120, hayo ni meno 30. Njia hiyo hufaa tu ikiwa meno mengine ni mazima, na isitumike bila mwongozo wa mtengenezaji katika injini ambayo kihisi husoma alama zilizo juu ya pete hiyo.

Mchanga, vumbi na mteremko

Udongo wa uwanda huu ni wa kichanga, na vumbi lake huingia katika kasha la klachi. Vumbi likichanganyika na grisi nyingi juu ya shafti ya pinioni, mchanganyiko huo hukwaruza kama msasa na kuichelewesha pinioni. Kwa hiyo shafti isafishwe na ipakwe mafuta mepesi kidogo tu. Bendeksi yenye klachi isitumbukizwe katika mafuta ya taa, kwa kuwa yatayeyusha grisi iliyofungwa ndani yake.

Dereva aliyezoea stata mbovu huegesha gari mteremkoni ili asubuhi literemke na kuwaka. Karibu na kingo za Newala desturi hiyo ni ya hatari. Katika magari mengi msaada wa breki hutegemea injini inayozunguka, na gari likishindwa kuwaka njiani, dereva hubaki na breki nzito katika mteremko mkali. Gari linalosubiri matengenezo liegeshwe tambarare na liwekewe mawe kwenye matairi.

Hitimisho

Stata hupokea nguvu kutoka betri, huipitisha katika nyaya, solenoidi na mota, kisha huikabidhi kwa meno. Mkwaruzo husikika kwenye meno, lakini ubovu waweza kuwa umeanza mbali nayo. Mita ya volti, spana, kurunzi, chaki na sentimita 12 za kulisukuma gari hutosha kujua fedha itumike wapi kabla kipuri hakijaagizwa.

Maswali ya mazoezi

1. Pete ya flaiwili ina meno 132 na pinioni ina meno 11. Injini inahitaji mizunguko 180 kwa dakika ili iwake. Pinioni izunguke mara ngapi kwa dakika?

2. Betri yenye volti 12.6 hushuka hadi volti 10.2 inapotoa ampea 160. Tafuta ukinzani wa ndani wa betri hiyo.

3. Katika injini ya silinda 3 mgandamizo hutokea kila nyuzi 240. Flaiwili yake itakuwa na madoa mangapi, nayo yatatengana kwa nyuzi ngapi? Chora duara kuthibitisha jibu.

4. Stata inasaga siku tatu kati ya kumi, na kila mara hushika baada ya gari kusogezwa kidogo. Taa hazififii. Mwenye gari ashauriwe kununua nini, na asinunue nini? Toa sababu.